Pesa Nzuri, Pesa Mbaya

Mashine ilipoangusha kitanzi cha nne katika mstari mmoja, mfumaji aliacha kusukuma. Aliweka mikono mapajani, akaitazama kama mtu anavyomtazama mgeni aliyekula akashiba kisha akasema chakula hakikuwa na chumvi. Kipande cha sweta kilikuwa kinaning'inia chini ya sindano, rangi ya samawati iliyokolea, kizuri mpaka katikati. Kutoka hapo kilikuwa na matundu, utadhani kimepitiwa na panya.

Sweta zilizotakiwa zilikuwa thelathini na sita, za shule, shingo mchongoko, mistari miwili ya njano kwenye pindo. Zilizokamilika zilikuwa saba. Mwalimu mkuu alikwisha kutoa nusu ya malipo, na nusu hiyo ilikwisha kugawanyika: kiasi kilinunua uzi, kiasi kilikwenda kwa fundi, na kiasi kingine kikamfuata fundi.

Fundi huyo mtaani aliitwa Sindano, si kwa wembamba, maana tumbo lilimtangulia kila alikokwenda, bali kwa sababu dawa yake ya kila ugonjwa ilikuwa kubadilisha sindano. Alikuwa fundi wa cherehani. Mashine za kufuma alizipokea kwa heshima ya ukoo, kama binamu za cherehani.

"Dada, sindano hizi zimechoka," alisema, amepiga magoti mbele ya mashine.

"Ni hizo hizo ulizoleta wiki iliyopita, fundi."

"Ndiyo maana nakwambia. Za wiki iliyopita hazikuwa za kiwandani kwenyewe."

"Ulisema ni za kiwandani kwenyewe."

"Niliambiwa na mimi," alisema Sindano bila kuinua macho. "Ukiambiwa, unasema ulivyoambiwa."

Mfumaji alizoea kunyamaza. Akisema neno moja mbele ya mtu, alikuwa amelisema kwanza mara tatu moyoni. Lakini jambo hili alikuwa amelisema moyoni mara zaidi ya thelathini.

"Mimi naona sindano hazina kosa, fundi. Zinachezacheza. Tazama kigari kikipita." Alikisukuma kile kigari cha chuma kinachopita juu ya sindano kwenda na kurudi. "Umeona? Zinainua vichwa, kama watu waliosikia majina yao yakiitwa."

"Dada, wewe kazi yako ni kufuma, yangu ni kutengeneza. Nikija nikakufundisha kufuma utafurahi?"

Akabadilisha sindano kumi na nne, akalipwa, akaondoka. Jioni ile mashine iliangusha vitanzi sita.

Jumapili mchana alikuja shemeji yake, kaka mkubwa wa mumewe. Huyu alikuwa karani katika ofisi ya bima, na ndugu wote walimwita Karani, hata mama yake mzazi. Alikuwa na kiti chake, kile chenye mikono miwili, kwa kuwa kingine chenye mikono kilikuwa na mmoja. Sebule yenyewe ndiyo ilikuwa karakana. Mashine ilikaa chini ya dirisha, ndefu kama benchi, na viti vilijibana upande wa pili kama watu wanaopisha jeneza.

"Mmeshatia kiasi gani hapo?" Karani aliuliza, akiielekeza mashine kwa kidevu.

Mume wa mfumaji alijibu. Yeye alikuwa mpiga rangi wa nyumba, mtu mpole, kucha zake zilikuwa na rangi ya nyumba ya mwisho aliyopaka. Wiki ile zilikuwa za kijani. Alitaja mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kila akitaja sauti ilishuka, mpaka ile ya tatu ikawa kama siri.

"Na bado haitembei," alisema Karani.

"Inatembea, shemeji," alisema mfumaji. "Inaangusha vitanzi tu."

"Mtu akienda hatua mbili anaanguka, hatua mbili anaanguka, utasema anatembea?"

Mama mkwe alicheka. Alikuwa mwanamke mwema, ila kicheko chake kilimtii mwanawe mkubwa kabla yeye mwenyewe hajaamua.

Hapo ndipo Karani alipoweka kikombe chini, akajifuta midomo kwa kidole, akasema kwa Kiingereza, polepole, kama mtu anayehesabu noti mpya:

"Don't throw good money after bad."

Mume alitikisa kichwa kukubali kabla hajajua amekubali nini.

"Maana yake nini, mwanangu?" aliuliza mama mkwe.

"Waingereza wana msemo huo, mama. Maana yake, pesa ikishapotea imepotea. Ile ni mbaya. Usichukue nyingine nzuri ukaitupa nyuma yake."

"Ee," alisema mama mkwe, taratibu, kama aliyeonjeshwa kitu. "Pesa nzuri, pesa mbaya."

Mfumaji alikuwa na swali. Alilisema moyoni mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu likatoka lenyewe.

"Mbaya ni ipi, shemeji?"

"Hiyo mliyompa fundi."

"Ilipokuwa mfukoni mwetu ilikuwa mbaya?"

"Hapana. Ilikuwa nzuri."

"Sasa ikawa mbaya saa ngapi?"

Karani alitabasamu, akamtazama mdogo wake, kisha akamrudia yeye. "Shemeji, hii si hesabu ya darasa la sita."

Alijua. Wote walijua kwamba darasa la sita ndipo alipoishia, tena muhula wa kwanza. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya kuliko kicheko. Mume aliinamia kucha zake za kijani. Lakini mfumaji alikuwa amebakiwa na jambo moja, na jambo hilo ndilo lililomkalisha pale mchana kutwa.

"Kuna bibi mmoja upande wa pili wa mji," alisema. "Alifuma pamoja na marehemu mama, kwenye mashine kama hii hii. Macho yamemwisha, lakini akiigusa atajua ina nini. Mashine haiingii kwenye basi, ni ndefu. Naomba nauli ya kukodi gari tu, kwenda na kurudi. Akishindwa na yeye, nitanyamaza."

"Ukiongeza nauli," alisema Karani, "ndiyo ile nzuri inayotupwa."

Na mambo yakaishia hapo. Kama angesema kwa maneno ya kila siku, acheni mashine hiyo, wangebishana mpaka chai ipoe na ipashwe tena. Mume angesema hili, mama angesema lile, mfumaji angepata mahali pa kupenyeza lake. Lakini sentensi ilikuwa imekuja imevaa suti. Nani angeishika kola?

Karani alikuwa na mtu tayari. Mke wa mwenzake ofisini alikuwa anamjua mwanamke mmoja, tajiri wa sweta, anayenunua mashine mbovu.

"Anazifanyia nini, mbovu?" aliuliza mfumaji.

"Vipuri, shemeji. Vipuri."

Wiki ile msemo wa Karani ulipata kazi nyingi nyumbani. Kandambili ya mama mkwe ilipong'oka mkanda, mume alisema aipeleke kwa mshona viatu, mama akakataa: "Nimeishona mara mbili. Pesa nzuri, pesa mbaya." Mume naye, balbu ya chooni ilipoungua, alisema pesa nzuri, pesa mbaya, wakawa wanaoga gizani. Jirani mmoja aliusikia bombani, akaondoka nao. Kesho yake mdeni wake alipokuja kuomba tena, alimwambia mbele ya watu, "Ile mbaya hujanirudishia, sasa umeifuata nzuri?" Watu walicheka mpaka ndoo zikafurika.

Mfumaji hakucheka. Kila aliposikia maneno yale alihisi ameketishwa upya mbele ya kile kiti cha Jumapili.

Siku ya Jumatano alikwenda shuleni. Katika chumba cha mbele cha ofisi ya mwalimu mkuu palikuwa na wazazi watatu kwenye benchi, wakingojea mambo yao. Alitumaini angeitwa ndani, aseme kwa sauti ndogo. Mwalimu mkuu akamhoji pale pale.

"Saba?"

"Saba, mwalimu. Na uzi wote uliobaki huu hapa. Na pesa nitaleta Ijumaa, mashine ikishauzwa."

"Mama, nina watoto thelathini na sita. Saba wavae sweta, na ishirini na tisa wavae uzi?"

Mzazi mmoja kwenye benchi aliguna kwa furaha. Mfumaji alikuwa amebeba uzi kwenye mfuko wa nailoni, mabunda kumi na moja, na mfuko ulikuwa unamkata vidole. Hakuambiwa auweke chini. Karani wa shule alimletea karatasi ya kukiri kwamba amerudisha uzi na anadaiwa pesa. Karatasi ilikuwa imekaa sawa mezani, lakini yule karani wa shule aliishika pembe akaigeuza, akaigeuza tena ikarudi ilivyokuwa, akamwekea kidole mahali pa kuandika. "Jina lako hapa, mama. Unaweza?"

Aliandika jina lake. Aliliandika vizuri, herufi moja moja, kwa mwandiko wa mtu ambaye mwandiko wake haukupata nafasi ya kuharibika.

Ijumaa tajiri wa sweta alikuja na gari dogo la mizigo. Alikuwa mwanamke wa makamo, miwani imefungwa kwa mnyororo shingoni. Hakusalimia mashine kama Sindano, kwa kupiga magoti. Alifunua kifuniko, akapitisha kidole gumba juu ya sindano kutoka huku mpaka kule, kisha akaushika ule utepe mrefu wa chuma unaolala juu ya sindano na kuzikandamiza. Aliuchomoa nusu tu, akainama kuutazama kwa chini, akaurudisha.

"Mbovu sana," alisema.

Mfumaji alishtuka. Utepe ule hakuwahi kuuchomoa maishani. Alipokuwa anajifunza, kila mkono wake ulipousogelea, mama yake aliupiga kofi dogo: huo usiuguse, sindano zitamwagika. Mama alikufa, lile kofi likabaki. Miaka yote alifuta vumbi kuuzunguka, kama mtu anayefagia kuzunguka kitanda cha mgonjwa.

Alitaka kuuliza, umeona nini hapo? Alilisema moyoni mara moja. Mara mbili. Karani alikuwa ameshataja bei, tajiri ameshaipunguza, mume ameshasema sawa. Walipoinyanyua, aliona lile doa jekundu la rangi ya kucha ambalo mama yake aliliweka kwenye chuma, mbele ya sindano ya katikati, ili asipotee akihesabu. Swali halikufika mara ya tatu.

Mashine iliacha alama nne sakafuni, chini ya dirisha, mviringo mviringo kama vizibo vya soda. Mama mkwe, kwa wema wake, hakutaka mkwe wake azione kila siku. Akasukuma kile kiti cha mikono miwili, akakiweka juu yake.

"Na Karani akija atapata mwanga," alisema.

Pesa ya shule ilirudishwa. Iliyobaki haikulala nyumbani hata usiku mmoja. Karani alikuwa na gari, au tuseme gari lilikuwa na Karani, maana lilikuwa limelala uani kwake mwaka wa pili chini ya turubai, na yeye ndiye aliyekuwa analihudumia. Safari hii alisema ni gia boksi.

"Naiazima mpaka mwisho wa mwezi, mdogo wangu. Gari likitembea, wote tumepanda."

Mume alimpa mkononi. Mfumaji alikuwa anaosha vikombe. Alisubiri asikie mtu akisema maneno ya Kiingereza. Hakuna aliyesema.

Wiki mbili alitafuta kazi. Aliulizia madukani, akafua nguo za watu, akakunja mabegi ya karatasi kwa mtu aliyemlipa kwa ahadi. Mwisho alisikia kuwa yule tajiri anatafuta mikono, kwa kuwa amepata oda kubwa ya shule na wafumaji wake hawatoshi. Alikwenda asubuhi, amefunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kupigana, na alipofika mlangoni akaona mabunda ya uzi mezani. Samawati iliyokolea. Njano ya pindo. Yale yale mabunda kumi na moja, na lile moja alilolifunga fundo kwa kitambaa chekundu bado lilikuwa na fundo lake.

"Unajua kufuma?" aliuliza tajiri, kama hajapata kumwona.

"Najua."

"Kaa pale, ya mwisho, dirishani."

Karakana ilikuwa na mashine tano. Aliijua ya mwisho kabla hajakaa, kama unavyomjua mtu wa nyumbani kwenu kwa kisogo. Doa jekundu lilikuwa mahali pake. Aliweka uzi, akapandisha sindano, akasukuma kigari. Kikaenda. Kikarudi. Akasukuma tena, mistari ishirini, mistari arobaini. Hakikudondoka kitanzi hata kimoja. Sindano zote zilikuwa zimelala, zimetulia kama watoto waliotishiwa.

"Mliibadilisha nini hii?" alimwuliza mwanamke wa mashine ya jirani, aliyekuwa anafuma huku anatafuna karafuu.

"Ipi, hiyo? Sponji tu."

"Sponji gani?"

"Hujui sponji?" Yule mwanamke alisimamisha kazi, akauchomoa ule utepe wa chuma wa mashine yake bila woga, akaugeuza. Chini yake, ndani ya mfereji mwembamba, palikuwa na ukanda wa sponji, umetuna. "Hii ndiyo inayozikalia sindano zisirukeruke. Ikizeeka inalala, inakuwa kama karatasi. Hapo hata ulete sindano kutoka mbinguni, vitanzi vitadondoka. Ya hiyo ilikuwa imekwisha kabisa, imekuwa unga mweusi."

"Inauzwa wapi?"

"Kuuzwa? Tunakata tu masalio. Duka la magodoro pale mbele wanayatupa. Ilichukua dakika kumi, na tano kati ya hizo tajiri alikuwa anaongea kwenye simu."

Mfumaji aliurudisha uso wake kwenye kazi. Hakulia. Alisukuma kigari kwenda na kurudi, na kila kitanzi kilichoshika kilimuuma kuliko vile vilivyokuwa vikidondoka. Alifikiria sindano za Sindano, seti tatu. Alifikiria nauli ya kukodi gari. Yule bibi angepitisha vidole vyake mara moja, angecheka, angemtuma akaokote sponji jalalani. Mpaka saa ya chakula alikuwa amemaliza mgongo na kifua cha sweta moja, na tajiri alipokivuta kipande kukikagua hakukuta pa kusema.

Walipoondoka wenzake, alibaki. Alilisema moyoni mara tatu, akaongeza ya nne.

"Ulijua," alimwambia tajiri.

Tajiri alivua miwani, ikaning'inia kifuani. "Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Uliniuliza?"

Mfumaji alikung'uta nyuzi kwenye kanga yake.

"Nimeingia nyumbani kwenu, mumeo ananiambia mbovu, shemeji yako ananiambia mbovu, mama mzima ananiambia mbovu. Bei alinitajia shemeji yako, mimi nimeipunguza kidogo tu ili asione nimeifurahia. Mimi nafanya biashara, binti. Nikianza kuwatibia watu mashine ndipo niwanunulie, nitakula nini?"

"Nataka kuinunua."

Tajiri alimtazama vizuri, pengine kwa mara ya kwanza. Kisha akataja bei. Ilikuwa mara mbili ya ile aliyoitoa yeye.

"Wewe ulilipa nusu ya hiyo."

"Ilikuwa mbovu. Sasa ni nzima. Kama unataka, nakata kwenye malipo yako kila wiki. Mpaka utakapomaliza inakaa hapa na unaifumia hapa. Kafikiri. Sijawahi kumharakisha mtu kunipa pesa."

Nyumbani alimweleza mumewe juu ya sponji. Mume alisikiliza mpaka mwisho, kucha zake safari hii ni nyeupe. Alikwangua rangi ya kidole gumba.

"Tusimwambie kaka," alisema. "Atajisikia vibaya."

"Na mimi nijisikie vipi?"

"Wewe si umeshazoea kunyamaza," alisema, na mara akaona alilolisema, akainuka kwenda kunawa mikono aliyokwisha kuinawa.

Mwisho wa mwezi Karani alikuja, Jumapili kama kawaida, lakini hakuja na gari. Alikuja kwa miguu, suruali ina vumbi mpaka gotini. Alikaa kwenye kiti chake chini ya dirisha, akapewa chai, akaizungusha kikombeni.

"Gia boksi kumbe haikuwa na kosa," alisema. "Tulibadilisha bure. Fundi anasema ni klachi."

"Pole, kaka," alisema mume.

"Ni mambo madogo. Imebaki kidogo tu, kwa kweli. Tumeshatia nyingi, sasa kuiacha njiani itakuwa hasara. Mkinishika mkono mara moja hii, najua linatembea."

Mama mkwe alifungua mdomo. "Pesa nz..." alianza, kwa mazoea tu, kama alivyoanza kwenye kandambili na kwenye kila kitu mwezi ule. Kisha akakiona kiti, akamwona aliyekaa kitini, akaufunga mdomo. "Nikuongeze chai, baba?"

Mfumaji aliona. Aliona kama anavyoona sindano moja iliyoinua kichwa katikati ya mia mbili. Msemo ule ulijua kushuka tu. Ulishuka kutoka ofisini hadi sebuleni, kutoka sebuleni hadi bombani, kwa mdeni na kwa mshona viatu. Kupanda ulikuwa hauna ngazi.

"Mimi kazi imesimama kidogo," mume alikuwa anasema, huku anamtazama mkewe kwa pembeni. "Lakini mwenzangu alipokea jana."

Wote watatu walimgeukia. Karani alimpa tabasamu lile lile la darasa la sita, ila safari hii lilikuwa limelainishwa.

"Shemeji wa watu. Nilijua hutaniangusha."

"Sina, shemeji."

"Si umepokea jana?" alisema mume.

"Nimepokea, nikaigawa. Nusu ni ya chakula, iko kabatini, ya chakula. Nusu nimempa tajiri. Nainunua mashine."

"Mashine gani?" aliuliza Karani.

"Ile."

"Ile mbovu?"

"Haikuwa mbovu. Ilikuwa inataka sponji, kipande cha kutupwa. Muulize mdogo wako, anajua."

Mume aliinamia kucha zake. Karani alimtazama mdogo wake, kisha mama yake, kama mtu aliyeingia sebule ambayo si yake.

"Unainunua kwa bei gani?"

Aliitaja. Mama mkwe alishika shavu. "Mara mbili? Mwanangu, mashine yako mwenyewe, mara mbili?"

"Mara mbili, mama. Nitamaliza mwezi wa nane, nikijaliwa."

Karani aliweka kikombe chini. Alijifuta midomo kwa kidole, polepole. "Shemeji," alisema, "si nilikueleza hapa hapa, kwa kituo..."

"Ulinieleza, shemeji. Nilielewa." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini haikutetemeka, na yeye mwenyewe aliishangaa. "Jana nimeituma ile nzuri ikaifuate ile mbaya. Ikiikuta, zitarudi nyumbani zote mbili."

Karani alitafuta la kujibu. Ilionekana wazi usoni kuwa amelitafuta katika lugha zote mbili.

Mfumaji alikuwa amekwisha kuinuka. Alichukua futi ya kupimia iliyoning'inia kwenye msumari, ile ya kupimia vifua vya wanafunzi, akaenda mpaka dirishani, akasimama mbele ya kiti cha mikono miwili.

"Samahani, shemeji. Naomba unyanyuke kidogo nipime. Hapo ndipo itakapokaa."

Karani alitazama mikono ya kiti, kulia na kushoto. Kisha akanyanyuka.